Mnanaha Ndani ya Mnavu

Mama mkwe wangu hakuchuma jani lolote kabla ya kulitaja jina. Aliinama, akalikata kwa ukucha wa kidole gumba, akalifikicha, akalipeleka puani, kisha akasema kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani: "Lengalenga." Hapo ndipo jani lilipoingia kwenye kitenge alichojifunga kiunoni. Jani ambalo jina lake halikumjia alilitupa, hata liwe la kupendeza namna gani. Siku moja jua likiniwaka kichwani nilimwomba achume kimya kimya ili tuondoke haraka. Alinijibu kwamba mdomo ukinyamaza, mkono hufanya upumbavu.

Mimi nilizaliwa na kukulia mjini. Mama yangu alinunua mboga katika soko kuu la Rohero, kabla halijaungua, zikiwa zimeshafungwa mafungu kwa kamba za mgomba, na niliolewa nikiwa sijawahi kuona mnavu umesimama kwenye udongo. Mwaka wa kwanza mama mkwe aliniita mutoto wa soko. Hasira zangu ziko karibu, sizifichi; nilimjibu kwamba hata mboga za soko hazikuteremka kutoka mbinguni. Alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo tulipatana, na kila juma tuligombana, tukapatana tena.

Tunakaa Kinanira, vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ambayo mwenyewe yuko Ulaya na sisi tunamtunzia. Mume wangu ni dereva wa lori, na mwezi ukiwa mzuri anakuwa nyumbani juma moja. Siku nyingine zote tulikuwa wanne: mimi, mama yake, na mapacha wangu, msichana na mvulana, ambao wakati ninaousimulia walikuwa na miaka tisa. Juu yetu mlimani kuna viwanja ambavyo wenyewe walijenga ukuta, wakaishiwa, wakaviacha. Mvua zikianza tu, ndani ya kuta hizo huota chakula ambacho hakuna aliyekipanda: lengalenga, yaani mchicha mwitu, mnavu, matembele yaliyotoroka shamba la mtu, na mgagani, ambao jirani zetu Warundi huuita isogi. Mlinzi wa viwanja hivyo alitufungulia geti kwa sharti kwamba na yeye tumwachie fungu lake la kupika.

Huko ndiko nilikosoma. Lengalenga ya miiba huchumwa ncha zake tu, kabla haijatoa maua. Mgagani huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, la sivyo uchungu wake utaondoka na hamu ya watu wote mezani. Matunda meusi ya mnavu mtoto anaweza kula, ya kijani asiyaguse. Upupu hatukuukaribia kabisa. Tulizunguka mbali, tena upande ambao upepo haututokei. Na mnanaha aliutemea mate kila alipouona. Mnanaha mkubwa hata mimi niliujua, na maua yake meupe marefu na tunda lake la miiba. Taabu ni mnanaha ukiwa bado mchanga. Unaota palepale mnavu unapoota, majani yamekaribiana kama ndugu, na ukiingia kwenye sufuria unamtia mtu wazimu, au unamwua.

"Macho itakudanganya," aliniambia. "Pua haidanganye."

Akanipa nifikiche na kunusa. Mnavu ulinuka ubichi wa kawaida. Mnanaha ulinuka karanga zilizooza, na harufu hiyo ilikaa vidoleni mwangu mpaka nilipovisugua kwa majivu.

Somo la magimbi nililipata Kajaga, na nililipata kwa ngozi yangu. Ziwa lilikuwa limeingia katika mashamba ya watu, likarudi nyuma, na kwenye tope lililobaki magimbi mwitu yalikuwa yamejaa hata hujui uanzie wapi. Tulichimba, tukayaosha palepale, na mimi kwa uhodari wangu nikaanza kuyamenya mikono ikiwa imelowa. Haikupita muda mrefu nikawa najikuna mpaka kwenye viwiko. Mvuvi mmoja alipita na nyavu zake, akaniuliza kama ni siafu, nami nikamtukana bila sababu, Mungu anisamehe. Mama mkwe aliwasha vijiti, akaniotesha mikono juu ya makaa, akanipaka mafuta ya mawese, na wakati wote huo akicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Gimbi humenywa na mikono mikavu, akasema, na huchemshwa mpaka liache kugombana na koo.

"Hili apana baya," alisema. "Lina hasira tu, kama we."

Ni siku hiyohiyo, tukingoja mikono yangu ipoe, aliponionyesha milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, na kunieleza kwa nini aliiacha. Alikuwa mke wa pili. Mtoto wa mke mkubwa alikula nyumbani kwake jioni, na asubuhi akafa. Labda ilikuwa malaria, labda kingine, hakuna aliyechunguza. Walisema sumu. Walivunja vyungu vyake vyote, na watu aliokuwa akiteka nao maji wakamwimbia neno hilo njiani. Alivuka mpaka akiwa na mume wangu mgongoni, na hakurudi tena. Katika kunisimulia yote hayo yeye mwenyewe hakulitamka neno sumu hata mara moja. Alisema "lile neno". Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa niaba yake, nikatamani watu wale wawe mbele yangu niwaambie yangu.

Kutokana na mambo hayo alikuwa na desturi mbili ambazo nyumbani kwetu zilikuwa kama sheria. Ya kwanza, chungu alichokipika yeye alikila yeye kwanza. Hapa kwetu mwenye kumpa mgeni kinywaji huonja kidogo kabla ya kumpa, na hiyo ni adabu ya kila mtu. Yake haikuwa adabu. Alipakua sahani nzima, akala mpaka akamaliza, kisha akafagia uwanja, akaosha vyombo, na ndipo akawaita wengine. Mapacha waliipa desturi hiyo jina: kungoja bibi. Walinung'unika, lakini walingoja.

Ya pili ilinihusu mimi. Mboga aliyoichuma yeye haikuchambuliwa mara ya pili. Alikuwa ameshaichambua jani kwa jani. Kazi yangu ilikuwa kuosha na kukata. Mwaka wa kwanza nilifungua fungu lake na kuanza kupindua majani, nikitafuta mchanga na konokono tu. Akaniuliza natafuta nini. Nilipomjibu, aliinuka akaenda chumbani, na siku mbili hakula kitu cha mikono yangu. Nilielewa baadaye, alipokwisha kunisimulia. Mkwe anayepekua mboga ya mama mkwe wake anatangaza kitu bila kufungua mdomo. Sikuipekua tena.

Kisha ukaja msimu wa mafua yale makali. Sote tuliugua, yeye zaidi. Alipopona alikuwa amepungua, ila maneno yake hayakupungua. Baada ya siku chache maharagwe yaliungua akiwa ameketi hatua mbili kutoka jikoni, moshi umejaa, na yeye anasuka ukili kwa utulivu. Siku nyingine alimpa mvulana maziwa yaliyochacha. Nilimtania kwamba uzee umeanza kubisha hodi. Alinijibu kwamba uzee ulibisha zamani, yeye ndiye hakuufungulia. Nilicheka, nikarudi kwenye cherehani yangu. Ninashona katika duka moja Rohero, na siku hizo mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani, mabasi yalikuwa machache, nilikuwa napanda na kushuka kwa miguu kila siku. Niliyaona yote hayo na sikuyaunganisha.

Jumamosi moja alirudi kutoka viwanjani mapema, akanipa fungu kubwa la mnavu na lengalenga. Niliosha, nikaanza kukata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yangu, akipukuchua maharagwe. Kisu kilipita kwenye jani lililokuwa laini kupita mengine, kingo zake zina meno makubwa. Sikufikiri kitu. Nilijifuta jasho puani kwa nyuma ya mkono, na harufu ikaniingia. Karanga zilizooza.

Niliangalia ubao. Jani lingine. Nikasogeza kidogo kwa ncha ya kisu, kama mtu anayepanga tu, nikaona la tatu, na chini yake kichipukizi kizima. Mapacha walikuwa nje ya geti, nilikuwa nawasikia wakigombania mpira. Niliinua macho, naye alikuwa ananitazama. Aliuliza kama kuna nini.

Nilikuwa na njia mbili. Kumwambia: mama, kuna mnanaha ndani ya mboga yako. Maneno machache tu. Lakini niliyasikia kwa masikio yake kabla sijayatamka, nikaona vyungu vikivunjwa. Nikasema hapana, mama, hakuna kitu. Nikanyanyuka na ubao na beseni kana kwamba naenda jikoni, nikajikwaa kwenye kizingiti kwa makusudi, na mboga yote ikamwagika kwenye matope chini ya bomba. Alinigombeza kama mtoto. Aliniuliza hiyo mikono nilipewa ya kazi gani, chakula chenyewe siku hizi kinatafutwa kwa tochi na mimi nakimwaga. Nilisimama nikamwacha agombe. Nilikuwa nimefurahi. Nilijiona mwenye akili, mkwe mwema, niliyeokoa watoto na kumhifadhi mzee heshima yake kwa pigo moja. Nikapanga moyoni kwamba kuanzia hapo nitakuwa nafuatana naye, nichume mimi, polepole, bila kumwambia sababu.

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililimwaga janga nikadhani limekwisha.

Jumanne, nikiwa kazini, alipanda viwanjani peke yake ili kulipa ile mboga niliyoimwaga. Alipika yeye mwenyewe. Alipakua sahani yake, akala mpaka akamaliza, akaanza kufagia. Mapacha walikuwa wamerudi kutoka shuleni, wamekaa kwenye ngazi wanangoja bibi. Binti yangu ndiye aliyeniambia baadaye: bibi aliomba maji, akanywa, akaomba tena, akanywa, akasema mdomo umekauka kama kibao. Kisha akaacha fagio na kuanza kuzungumza na mtu aliyekuwa hayupo.

Jirani yetu mwenye gari alikuwa ameficha lita chache za petroli kwa ajili ya safari ya msiba. Alizitumia kumpeleka hospitali, na sitamsahau kwa hilo. Nilipofika, nimetoka Rohero mbio, viatu mkononi, nilimkuta kitandani, uso umewiva, mboni za macho zimepanuka mpaka macho yamekuwa meusi yote. Hakunijua. Mikono yake ilikuwa inatembea juu ya shuka, inakata kitu kwa ukucha wa gumba, inakifikicha, inakipeleka puani. "Mnavu," alisema. "Lengalenga. Mgagani." Alichuma shuka lile jioni yote. Muuguzi alinieleza kwamba ameona hali hiyo hapo zamani, akaniuliza kama amekula majani ya porini. Nikamwambia mnanaha. Akashangaa kwamba nimejibu haraka hivyo, na jirani yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashangaa pia.

Kesho yake wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, aliyezaliwa hapa mjini, alifika kutoka Buterere akiwa ameshakata kesi. Maneno yalikuwa yamemfikia njiani. Hakunisalimu. Aliuliza kwenye korido, kwa sauti ya kusikiwa na watu, nani anapika katika nyumba ile, na imekuwaje mama peke yake ale na wengine wote wawe wazima. Wanawake wawili wa kanisani kwetu waliokuja kumwona mgonjwa walitazama sakafu. Mume wangu alipiga simu kutoka barabarani, akaniuliza mama amekula nini, na katika sauti yake nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mimi ninayejulikana kwa mdomo, ningesema nini? Kwamba sikujua? Nilijua tangu Jumamosi. Nilikaa kwenye benchi nimeshika sufuria ya uji ambayo wifi alinikataza nisiingie nayo, nikaelewa kwa mara ya kwanza, si kwa kusimuliwa, jinsi mtu anavyoweza kufunga mzigo wake akavuka mpaka asirudi tena.

Asubuhi iliyofuata akili ilimrudia. Macho yalikuwa bado meusi, lakini alituita kila mtu kwa nafasi yake: mwanangu, mama mapacha, na wale wanawake wawili wa kanisani. Wifi aliinama juu ya kitanda, akamwuliza ni nani aliyempa kile chakula. Aliuliza mara ya pili, huku amenielekea mimi.

Mama mkwe aliomba anyanyuliwe akae. Alinitazama mimi, akamtazama binti yake, na nadhani pale ndipo alipoelewa ni kitu gani kilikuwa kimesimama ndani ya chumba. Alikijua kuliko sisi sote.

"Mi njo nilichuma, mi njo nilipika," alisema. "Pua yangu ilikufa tangu ile gripe. Sisikie harufu hata ya moshi, na nikawaficha. Uyu mutoto hata hakukuwako. Mutu mwenye anataka kusema lile neno, aniambie mi."

Aliyekuwa na pua ya kusifiwa Kinanira nzima, ambaye wanawake walimpelekea majani yao ayanuse kabla ya kupika, alikuwa ameivua mbele ya watu kama mtu anavyovua nguo. Wifi alitoka nje, nikamsikia akipiga simu kwa kaka yake, akilia. Aliporudi alinipokea sufuria ya uji, akaenda kuupasha moto. Hajawahi kuniomba radhi, nami sijawahi kumdai.

Alasiri, wote walipokwisha kuondoka, tulibaki wawili. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimesafishwa, tena na mtu ambaye hakuna angembishia. Lakini niliona aibu kukaa chini ya msamaha ambao sikuustahili wote, nikamwambia. Kwamba Jumamosi sikujikwaa. Kwamba niliyaona majani, nikayanusa, nikayamwaga, nikaacha aende tena.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini hukuniambia?"

Nikasema niliogopa. Niliogopa nikitaja mnanaha ndani ya mboga yake atasikia lile neno, atadhani na mimi nimekuwa kama wale wa ng'ambo.

Nje walikuwa wanasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, nilingoja kipite.

"Miaka kumi na mbili nakula chakula yako," alisema. "Ulifikiri mi nitakusikia kama wale?"

Nilitaka kusema hapana, nikakuta jibu ni ndiyo. Hilo ndilo nililokuwa nimefikiri. Miaka yote hiyo nilidhani ninamtunza, kumbe nilikuwa nimemwacha kulekule walikomfukuza, peke yake, bila mtu wa kumwambia ukweli. Nililia, na yeye hakunibembeleza. Aligeuza uso ukutani, akafumba macho, akayafumbua, akayafumba tena.

Kisha akaniambia nihamishe kiti nikae upande wa dirisha, maana mwanga ulikuwa unamwumiza. Nikahamia huko, nikamzibia jua kwa mgongo wangu mpaka lilipozama.